Mama Aliye Mbali na Hospitali: Ubunifu Upi Unaokoa Muda, na Nani Anaulipia

Mwanamke akianza kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua na asipate msaada wowote, kwa wastani hufariki ndani ya muda wa saa mbili. Kifafa cha mimba kwa kawaida hakiui haraka kiasi hicho, kwani humwachia siku mbili hivi, na maambukizi ya baada ya kujifungua huchukua takriban siku sita kumfikisha mwisho. Wataalamu wa afya ya uzazi wamekuwa wakitumia makadirio haya kwa miongo kadhaa, na yana uzito wa pekee kwa familia inayoishi kisiwani, au katika kijiji ambacho barabara yake hukatika kila masika, kwa sababu yanaonyesha kwamba tatizo la huduma za afya katika maeneo ya pembezoni ni tatizo la muda kabla ya kuwa la kitu kingine chochote. Tiba ya kuzuia damu inajulikana, dawa zake si ghali, na upasuaji unaohitajika umekuwa ukifanyika kwa zaidi ya karne. Tofauti ya anayepona na anayekufa mara nyingi ni dakika ngapi zilipotea, na zilipotelea wapi.

Kwa mujibu wa makadirio ya Umoja wa Mataifa, wanawake wapatao 260,000 walifariki duniani mwaka 2023 kwa sababu zinazohusiana na ujauzito na uzazi, na karibu asilimia 70 kati yao walikuwa Afrika Kusini mwa Sahara. Vingi vya vifo hivyo vingeweza kuzuilika. Ndiyo maana kila mwaka tunasikia habari za ubunifu mpya unaotajwa kuwa utawafikia wasiofikiwa: ndege zisizo na rubani, programu za simu, vifaa vya kupima vinavyotoshea mfukoni, na sasa akili unde. Baadhi ya ubunifu huo umeokoa maisha ya watu wengi. Mwingine ulianza kwa shangwe, ukapigwa picha, kisha fedha za majaribio zilipokwisha ukatoweka bila mtu kueleza umeishia wapi. Makala haya yanajaribu kueleza kinachotofautisha makundi hayo mawili, kwa kutumia huduma ya mama mjamzito na mtoto mchanga, hasa nchini Tanzania na Rwanda, ambako kuna mifano ya kutosha iliyodumu na iliyokoma.

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha uchambuzi ambao hadi leo hufundishwa katika vyuo vya uuguzi na udaktari. Walisema kwamba mama anayefariki kwa uzazi huwa amecheleweshwa katika hatua mojawapo kati ya tatu, au katika zote. Ucheleweshaji wa kwanza ni wa kuamua kutafuta huduma, yaani muda unaopita tangu dalili za hatari zianze hadi familia inapokubaliana kwamba mgonjwa apelekwe. Wa pili ni wa kufika kwenye kituo chenye uwezo wa kumtibu. Wa tatu ni wa kupata tiba yenyewe baada ya kufika, pale ambapo muuguzi yuko mmoja, damu hakuna, au chumba cha upasuaji kimefungwa na mwenye ufunguo yuko mjini. Mgawanyo huu ni rahisi kuukariri, lakini faida yake kubwa iko kwingine: unatupa njia ya kukipima kila kifaa kipya tunacholetewa. Kinapunguza ucheleweshaji upi? Na kikishaupunguza huo, mgonjwa anakwenda kukutana na nini katika hatua inayofuata?

Tuanze na uamuzi. Mwezi Novemba 2012 Tanzania ilizindua huduma ya ujumbe mfupi iliyoitwa Wazazi Nipendeni, ambapo mjamzito au mwenza wake alituma neno MTOTO kwenda namba 15001 na kuanza kupokea, bila malipo, ujumbe unaolingana na umri wa mimba: lini ahudhurie kliniki, dalili zipi ni za hatari, na kwa nini ajiwekee akiba ya nauli mapema. Ulikuwa mpango mzuri uliowafikia watu wengi kwa gharama ndogo. Hata hivyo ujumbe huisaidia zaidi nyumba yenye simu, ambayo mwanamke mwenyewe anaishika na kuisoma, na ambayo neno lake linasikilizwa inapofika saa ya kuamua. Katika nyumba nyingi uamuzi wa kumpeleka mama hospitali uko mikononi mwa mume, mama mkwe au shangazi, na mume akiwa safarini ziwani au machimboni, fedha ziko naye. Taarifa peke yake haiwezi kuondoa kizuizi cha namna hiyo. Ndiyo sababu pia Kenya ilipofuta ada za kujifungua katika vituo vya umma mwezi Juni 2013, hatua hiyo ya kiutawala, isiyo na kifaa chochote ndani yake, iligusa ucheleweshaji wa kwanza moja kwa moja: hofu ya gharama ni sababu mojawapo ya familia kusubiri "tuone mpaka kesho".

Zanzibar ilichukua njia nyingine. Mpango unaojulikana kama Jamii ni Afya, uliokua kutokana na miradi midogo iliyotangulia na hatimaye kufikia wilaya zote za Unguja na Pemba, uliwapa wahudumu wa afya wa kujitolea wa kila shehia simu zenye programu inayowaongoza katika ziara za nyumbani. Mhudumu hufika nyumbani, huuliza maswali kwa mpangilio, huingiza majibu, na programu humwelekeza kama mama huyu ni wa hatari kubwa na anapaswa kujifungulia hospitali. Pia hukaa na familia kupanga mapema: atajifungulia wapi, atakwenda na usafiri gani, nani atabaki na watoto. Teknolojia hapa imewekwa mkononi mwa mtu ambaye familia inamjua, anayeweza kuketi ukumbini na kuzungumza na mama mkwe kwa adabu inayostahili. Simu inamsaidia asisahau swali na inamwezesha msimamizi wake kuona ni nyumba ipi haijatembelewa. Kazi ya kushawishi inabaki kuwa ya binadamu. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya mpango huo kukubalika. Serikali ya Muungano nayo, mwezi Januari 2024, ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kuwafikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, nao ukitekelezwa kama ulivyoandikwa utakuwa na athari kubwa kuliko programu yoyote ya simu iliyowahi kubuniwa nchini.

Ucheleweshaji wa pili ndio unaovutia zaidi wabunifu, kwa kuwa umbali ni kitu kinachoonekana. Sera ya Tanzania, iliyotiwa nguvu na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007, inakusudia kuwa na zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Zahanati nyingi zimejengwa, na kwa mama anayejifungua bila tatizo ni msaada mkubwa. Ila mama aliyekwama katika uchungu, au anayetokwa na damu, zahanati humpa huduma ya kwanza na kumwandikia rufaa. Hapo ndipo safari yenyewe inapoanza. Gari la wagonjwa la wilaya huenda ni moja au mawili, na huenda limekwenda upande mwingine, limekosa mafuta au liko gereji. Familia hutafuta bodaboda, na mwanamke mwenye uchungu au anayevuja damu hukalishwa katikati ya dereva na ndugu yake kwa mwendo wa makumi ya kilomita.

Mfumo wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa akina mama na watoto wachanga, ulianzia hapo. Majaribio yake yalianza mwaka 2013 katika Kanda ya Ziwa, Sengerema na baadaye Shinyanga, yakiendeshwa na Vodafone Foundation pamoja na wadau wengine wakishirikiana na serikali. Waliouanzisha waliona jambo ambalo kila mwanakijiji analijua: magari yapo. Yupo mwenye Noah anayebeba abiria wa mnada, yupo mwenye pikapu ya mazao, yupo mwenye gari dogo la kwenda mjini. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaunganisha na mgonjwa usiku wa manane, na uhakika kwamba dereva atalipwa bila kuidai familia iliyofadhaika.

Utaratibu wake unastahili kufuatwa hatua kwa hatua, maana ndani yake ndimo ulimo ubunifu. Mhudumu wa zahanati, au ndugu wa mgonjwa, hupiga namba 115 bila malipo. Simu hupokewa katika kituo cha uratibu na mtu mwenye taaluma ya afya, ambaye huuliza maswali yanayofuata mwongozo uliomo kwenye kompyuta yake: mimba ina umri gani, damu inatoka kiasi gani, amepoteza fahamu, ana degedege, mtoto anapumua vipi. Kutokana na majibu, mfumo huonyesha kama hii ni dharura na mgonjwa apelekwe ngazi ipi, ili asipelekwe kwenye kituo ambacho nacho kitamwandikia rufaa nyingine. Kisha mratibu hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Kama halipo, hupiga simu kwa dereva jamii aliyekwishasajiliwa na kupewa mafunzo mafupi, aliye karibu zaidi na mgonjwa. Wakati dereva yuko njiani, mratibu hukiarifu kituo kinachompokea mgonjwa ili wajiandae. Mama akishafikishwa na kituo kikathibitisha, dereva hulipwa nauli yake kwa M-Pesa kulingana na umbali. Huduma hii inawahusu wajawazito, wanawake waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga hadi siku 28.

Hapo hakuna chombo ambacho hakikuwapo kabla. Simu zilikuwapo, magari yalikuwapo, malipo kwa simu yalikwisha kuwa jambo la kawaida tangu miaka iliyotangulia. Kipya ni mpangilio: mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "nenda", orodha ya madereva inayosasishwa, kanuni ya nauli inayojulikana, na kituo kinachojua nani anakuja. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua upanuzi wa mfumo huo kitaifa jijini Dodoma mwezi Aprili 2022, na tangu hapo umepelekwa katika mikoa ya Tanzania Bara na Zanzibar; Lesotho, nchi ya milima ambayo shida yake ya usafiri ni ya aina nyingine kabisa, nayo imeuchukua. Jambo la kutilia maanani ni kwamba kati ya kuanza kwa majaribio na kuufanya wa kitaifa ilipita karibu miaka tisa. Muda huo ulitumika kurekebisha mwongozo, kujua nauli ya haki ni ipi, na kuwashawishi wenye bajeti. Wafadhili wanaotaka matokeo ndani ya miaka miwili wangekuwa wameshafunga mradi huu mara nne.

Linganisha na kilichotokea mwaka 2018 katika Ziwa Victoria. Kampuni ya Kijerumani ya Wingcopter, pamoja na DHL na shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ, zilijaribu kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe kwa ndege isiyo na rubani. Ndege iliruka kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, wakati safari ya nchi kavu na kivuko inachukua saa nyingi, na iliweza kubeba sampuli za maabara wakati wa kurudi. Kiufundi jaribio hilo la miezi sita lilifaulu. Ukerewe ina watu wengi wanaotegemea vivuko na boti, kwa hiyo hitaji lilikuwa la kweli. Pamoja na hayo yote, jaribio halikugeuka kuwa huduma ya kudumu ya kila siku, na dawa za Ukerewe zikaendelea kuvuka ziwa kwa njia ya zamani.

Wakati huohuo, jirani tu, ndege za namna hiyo zilikuwa zimeshakuwa sehemu ya kawaida ya mfumo wa afya. Kampuni ya Zipline ilianza kusafirisha damu nchini Rwanda mwezi Oktoba 2016 kutoka Muhanga, na baadaye ikaongeza kituo cha pili Kayonza, upande wa mashariki. Hospitali inayohitaji damu hutuma ombi kwa simu au ujumbe. Chupa za damu hufungwa katika sanduku. Ndege hurushwa kwa mtambo unaoisukuma kwa nguvu, hufika juu ya hospitali, hudondosha sanduku kwa mwavuli wa karatasi, kisha hurudi ilikotoka bila kutua njiani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health, uliochunguza hospitali 20 kati ya mwaka 2017 na 2019, ulikuta kwamba wastani wa muda wa kufikisha damu ulikuwa takriban dakika 50, pungufu kwa zaidi ya saa moja ukilinganisha na usafiri wa barabara.

Lakini matokeo yaliyonivutia zaidi katika utafiti huo hayahusu kasi. Damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda hospitalini ilipungua kwa asilimia 67. Sababu yake ni hii: chembe sahani za damu hudumu siku tano tu, na hata chembe nyekundu zina wiki chache. Hospitali ya mlimani inayoogopa kukosa damu hulazimika kujiwekea akiba ya kila kundi, yakiwemo makundi adimu ambayo huenda yasihitajike mwezi mzima, na mwishowe hutupa. Damu hiyohiyo ikihifadhiwa katika kituo kimoja kinachoweza kuipeleka popote chini ya saa moja, akiba ya hospitali zote inakuwa ya pamoja, na chupa adimu inamngoja mgonjwa yeyote atakayeihitaji, badala ya kungoja kuharibika katika jokofu moja. Faida hiyo imetokana na kubadilisha mahali pa kuhifadhi damu. Ndege ndiyo iliyowezesha mabadiliko hayo.

Kwa nini Rwanda ilidumu na Ukerewe haikudumu? Ubora wa ndege si jibu. Rwanda ni nchi ya takriban kilomita za mraba 26,000, kwa hiyo kituo kimoja chenye uwezo wa kufikia kilomita 80 kila upande kinahudumia sehemu kubwa ya nchi. Tanzania ni kubwa zaidi ya mara 35. Huduma ya damu ya Rwanda ilikuwa imeshaunganishwa kitaifa. Mamlaka ya anga ilitunga kanuni mapema. Na, lililo kubwa kuliko yote, serikali ilisaini mkataba wa kununua huduma, kama inavyonunua dawa au umeme, badala ya kupokea mradi. Pale ambapo wizara ni mteja, kila mwaka kuna mtu anayetetea fungu hilo la bajeti. Ambapo wizara ni mwenyeji wa majaribio, mgeni akiondoka hakuna anayebaki na jukumu.

Sasa tumfuate mama hadi mlangoni mwa hospitali, katika ucheleweshaji wa tatu, ambao kwa bahati mbaya ndio unaozungumzwa kidogo kuliko yote. Kumwahisha mgonjwa kwenye kituo kisicho na mtaalamu, dawa wala damu ni sawa na kukimbia kisimani na kukuta kamba imekatika. Na kadiri usafiri unavyoboreka, hospitali za wilaya zinapokea wagonjwa mahututi wengi zaidi kuliko walivyozoea, kwa wauguzi walewale.

Tanzania ililiona tatizo la wataalamu zamani. Tangu mwaka 1963 ilikuwa ikiwafundisha matabibu wenye uzoefu ili wawe madaktari wasaidizi, wenye ujuzi wa kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto katika hospitali za wilaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia wanawake 1,134 wenye matatizo ya uzazi katika hospitali 14 za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ulionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya upasuaji ulifanywa na madaktari wasaidizi hao, na haukukuta tofauti ya maana ya matokeo kati yao na madaktari wenye shahada. Ninautaja kwa makusudi katika makala ya ubunifu. Kumkabidhi kazi ya upasuaji mtu asiye na shahada ya udaktari, baada ya kumfundisha vizuri, ulikuwa uamuzi wa kijasiri uliowafikia watu wa vijijini miaka mingi kabla ya simu ya mkononi, na leo kwenye mikutano ya teknolojia ya afya hautajwi kabisa.

Mfano mwingine wa ucheleweshaji wa tatu ni mfuko wa plastiki. Katika chumba cha kujifungulia, mkunga kwa kawaida hukadiria kwa macho damu iliyopotea, kwa kutazama khanga, pamba na sakafu, na makadirio ya macho mara nyingi huwa pungufu. Matokeo yake mama anaonekana "anaendelea vizuri" hadi mapigo yanapokimbia na mikono inapopoa, na hapo muda mwingi umekwisha. Katika utafiti ulioitwa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha zaidi ya wanawake 200,000, wakunga wa baadhi ya hospitali hizo walipewa kitambaa cha plastiki kinacholazwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka, chenye mfuko unaokusanya damu na mistari ya vipimo kama ile ya jagi la jikoni. Damu ikifika mililita 500, au ikifika 300 pamoja na dalili nyingine ya hatari, mkunga hangoji tena. Huanza mambo yote kwa mkupuo: kukanda tumbo la uzazi, kutoa dawa ya kubana kizazi, dawa ya kugandisha damu, dripu, na kukagua damu inatoka wapi, bila kujaribu moja kwanza ndipo aende kwenye lingine kama ilivyozoeleka.

Matokeo yaliyotangazwa mwezi Mei 2023 yaliwashangaza hata wataalamu. Katika hospitali zilizotumia utaratibu huo, utokaji damu uligunduliwa kwa asilimia 93 ya waliokuwa nao, ikilinganishwa na asilimia 51 katika hospitali nyingine. Na madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kufanyiwa upasuaji wa kuzuia damu au kufariki kwa sababu ya damu, yalipungua kwa asilimia 60. Hakuna intaneti, hakuna betri. Katika zahanati ya kijijini, ambako mkunga mmoja anahudumia wodi nzima usiku, mstari mwekundu juu ya plastiki unamwambia kwa uwazi ni saa ngapi apige 115, na hivyo kifaa hiki cha ucheleweshaji wa tatu kinaanza kufanya kazi ndani ya ule wa pili.

Dawa zenyewe zina historia inayofundisha. Oksitosini, dawa kuu ya kubana kizazi, inapaswa kuhifadhiwa kwenye ubaridi, na zahanati isiyo na umeme wa uhakika hushindwa kuitunza. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 2018, uliohusisha karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba aina ya kabetosini, dawa nyingine ya kubana kizazi, inayostahimili joto inazuia utokaji damu kwa kiwango kinacholingana na oksitosini. Tatizo la jokofu limetatuliwa ndani ya chupa ya dawa.

Kuhusu dawa kutofika kabisa, Tanzania ilifanya jaribio jingine lenye somo zuri. Kati ya mwaka 2009 na 2010, katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo 129 vilitumiwa ujumbe mfupi kila wiki kuulizwa vimebakiwa na dawa kiasi gani za malaria, na mhudumu aliyejibu kwa wakati alizawadiwa salio la simu. Mganga Mkuu wa Wilaya aliweza kuona kituo gani kimeishiwa na kipi kina ziada, akahamisha. Vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilipungua kutoka asilimia 78 mwanzoni hadi asilimia 26 baada ya wiki 21. Ni maendeleo makubwa kwa gharama ya ujumbe mfupi. Ila dawa inahamishika tu pale ambapo ipo mahali fulani wilayani. Bohari ya Dawa ikiwa haijalipwa madeni yake na maghala yako matupu, ujumbe utaonyesha upungufu huo vizuri sana na hakuna atakayeuziba.

Je, haya yote yamepunguza vifo? Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa Tanzania wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Ni punguzo kubwa mno. Inafaa msomaji ajue pia kwamba tafiti za aina hii huuliza wanandugu habari za waliofariki, zina wigo mpana wa makosa ya takwimu, na kwamba Umoja wa Mataifa, kwa njia yake ya kukokotoa, uliikadiria Tanzania kuwa na vifo 238 mwaka 2020. Mwelekeo ni mmoja katika vyanzo vyote viwili: vifo vimeshuka. Kwa upande wa chanzo, nisingethubutu kuukabidhi ushindi huo mfumo wowote mmoja. Katika miaka hiyohiyo serikali ilikarabati vituo vingi vya afya na kuvipa vyumba vya upasuaji, wanawake wengi zaidi walijifungulia vituoni, na barabara za vijijini ziliongezeka. Anayekuja na programu yake mpya akidai kwamba peke yake imeshusha vifo katika wilaya anapaswa kuulizwa wilaya ile ilijenga nini mwaka ule.

Tunabaki na swali la fedha, ambalo linaamua zaidi kuliko ubora wa kifaa. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huo shirika lake la USAID, lililokuwa mmoja wa wadau wa kuisambaza m-mama kitaifa, lilikuwa limekoma kufanya kazi kama chombo kinachojitegemea. Miradi mingi ya afya Afrika Mashariki ilitikiswa ndani ya wiki chache. Iliyokuwa na bahati ni ile ambayo gharama zake za kila siku zilikuwa zimeshaingia katika bajeti za serikali na halmashauri. Gharama hizo huwa ndogo na hazivutii wafadhili: mshahara wa mpokea simu wa zamu ya usiku, mafuta, matengenezo ya seva, mifuko ya plastiki inayotumika mara moja na kutupwa, posho ya mhudumu wa jamii. Kuzindua kituo cha uratibu ni tukio la siku moja, lakini kukiendesha saa 24 kwa miaka kumi kunahitaji mstari katika bajeti ambao diwani anaufahamu na mkaguzi anaufuatilia.

Kwa hiyo katika mikoa ambayo m-mama imeshafika, jambo la kuangalia kwa sasa si idadi ya vituo vilivyozinduliwa. Ni kama dereva jamii analipwa kwa wakati. Amelaza gari lake nyumbani, ameamka saa tisa usiku, ametumia mafuta aliyonunua kwa fedha yake ili amfikishe mama hospitali, na alikubali kwa sababu aliahidiwa kwamba nauli itaingia kwenye simu yake mara tu atakapomfikisha. Halmashauri ikichelewesha malipo hayo miezi miwili, 115 itaendelea kupokewa na mratibu ataendelea kuuliza maswali yake yote kwa usahihi, ila akimpigia dereva, dereva hatapokea.